Maiti Chini ya Mkarafuu

Bwana Khatibu, tajiri pekee kisiwani kwetu, alimpa Mize na mumewe Makame siku tatu wahame shamba lao la mikarafuu, akidai lilikuwa la babu yake. Asubuhi ya siku ya tatu Mize alimfuata barazani akilia, sheha yuko nyuma yake.

"Makame ameuawa! Amelala shambani, damu tupu!"

"Pole, mwanangu. Lakini mimi yanihusu nini?"

"Si shamba lako, Bwana? Sheha anamtaka mwenye shamba aende naye polisi."

Bwana Khatibu akanyanyuka. "Nani kasema ni langu?"

"Wewe mwenyewe, msikitini, Ijumaa."

"Nilikuwa natania! Hilo ni la Makame, tangu mababu zake."

"Basi andika, sheha ashuhudie. Watu watasema umemuua kwa ajili ya shamba."

Akaandika upesi, akatia sahihi, na dole gumba pia, bila kuombwa. Sheha akaitia karatasi mfukoni, wakaenda shambani wote watatu. Mize akainama, akalifunua shuka.

"Ameshaandika?" maiti akanong'ona. "Damu ya jogoo imeita siafu, wananimaliza."