Foleni ya Chapati

Siku ile tulikuwepo sisi wazazi tuliolalamika kwamba timu ya darasa la saba ina watu wazima, Mzee Kibwana mwenye shule, wachezaji wake, na Siwema mpishi.

"Siwema, wewe ndiye unayewapikia; waambie wazazi kwamba wachezaji hawa ni watoto," Kibwana aliamuru. "Ukikataa, kazi huna."

"Nitasema, bosi. Ila wageni wale kwanza."

"Haya, pakua upesi."

Siwema akafunua masufuria. "Wenye watoto wapange foleni hapa, kwenye chapati na kuku. Wanafunzi kule, kwenye uji."

Nyuma yangu akaja kusimama golikipa.

"Unao wangapi, baba?" Siwema akamuuliza.

"Wawili."

Akamfungia chapati mbili za kuwapelekea.

Jumamosi iliyofuata watoto wetu walicheza wenyewe, wakafungwa sita. Uji wao alipika Siwema.