Filimbi ya Marehemu Subilaga

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, zamani ya majuzi tu, palikuwa na kiwanda cha chai kule milima ya Rungwe. Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana mimi nikishaanza sirudii. Kiwanda kilikaa chini ya kilima, na kilima chenyewe kilizuiwa na ukuta wa mawe. Mvua za huko mnazijua, zikianza haziagi. Basi wakubwa wa kampuni wakaunda timu ya dharura, na kila mwaka kabla ya masika timu ile ikapimwa kwa zoezi. Leo tujifanye kilima kimeporomoka, tuone nani atafanya nini.

Zoezi lilikuwa na sheria zake. Aliletwa mkufunzi kutoka mjini, ana kabrasha mkononi na kofia nyeupe kichwani, na siku hiyo yeye ndiye aliyeamua nani anaishi na nani anakufa. Akikufunga utepe mwekundu mkononi, umekufa. Mfu anakwenda kukaa kwenye mkeka wa wafu, nyuma kabisa ya uwanja wa kukusanyikia, karibu na ule ukuta. Na mfu haongei mpaka zoezi liishe. Geti nalo linafungwa, kwa sababu mwaka uliotangulia nusu ya wafanyakazi walitorokea sokoni huku mkufunzi anahesabu majeruhi.

Timu ilikuwa na watu watatu. Ambakisye ndiye mkuu wake, na shingoni alivaa filimbi ya chuma. Filimbi ikilia, mashine zote zinazimwa. Lakini hakuruhusiwa kuipuliza mpaka aambiwe na Meneja au mkufunzi. Lusajo alikuwa mlinzi mkuu, mwenye ufunguo wa geti. Wa tatu ni Subilaga, msimamizi wa chumba cha kuchambua chai, na huyo ndiye tutakayekwenda naye.

Subilaga hakuwa mtu wa kumeza neno. Kwenye kikao cha maandalizi aliuliza mbele ya wote, "Bwana mkufunzi, tunasema kilima kitaanguka, halafu watu tunawakusanya chini ya kilima hicho hicho. Ndiyo akili gani hiyo?"

"Hapo ndipo penye tambarare, mama," mkufunzi akajibu.

"Hata kaburi linachimbwa penye tambarare."

Watu wakacheka. Mkufunzi hakucheka. Ndiyo maana siku ya zoezi, king'ora kilipolia tu, mtu wa kwanza kufungwa utepe mwekundu akawa Subilaga. Hata kujeruhiwa hakujeruhiwa, alikufa moja kwa moja. Akaenda mkekani amenuna, akamkuta mdogo wake, Atupele, naye amekufa, pamoja na wanaume wawili wa chumba cha boila ambao kifo kiliwafurahisha, maana walishajilaza na kusinzia.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini asubuhi ile jua liliwaka. Subilaga aliketi akiutazama ukuta kwa sababu hakutaka kumtazama mkufunzi. Akaona maji ya tope yanachuruzika katikati ya mawe. Akaona jiwe moja linasogea mbele taratibu, likadondoka. Kisha la pili. Tumbo la ukuta lilikuwa limevimba.

"Dada, umeona?" Atupele akanong'ona.

"Nimeona."

Atupele akataka kuinuka. Subilaga akamshika bega. Alijua wakiinuka wote wawili, mkufunzi atasema ni utani wa wanawake wa kuchambua chai, na hakuna atakayewasikiliza. "Wewe kaa hapo hapo," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Subilaga akakimbilia getini, maana njia ya kutoka uwanjani ilikuwa hiyo moja. "Kaka Lusajo, fungua. Ukuta unakuja."

Lusajo akamtazama mkononi, akauona utepe. "Dada Subi, wewe umekufa."

"Lusajo, sifanyi mchezo."

"Kila mwaka watu wanakuja hapa na sababu zao. Mwaka jana mmoja aliniambia mkewe anajifungua, nikamkuta sokoni ananunua ndizi. Niletee amri ya Ambakisye."

Subilaga akaona akibishana pale kutakucha. Akageuka, akapasua katikati ya watu mpaka kwa Ambakisye. Wafanyakazi wakaanza kupiga makofi, kwamba marehemu amefufuka. Mkufunzi akachukua kipaza sauti. "Marehemu arudi mkekani. Mfu haongei."

"Mfu wako huyu ataongea," Subilaga akasema, akaukata ule utepe kwa meno na kuutupa miguuni pa mkufunzi. "Ambakisye, ukuta unabomoka. Wa kweli, siyo wa kwenye kabrasha. Toa watu."

"Subilaga, usituharibie zoezi. Meneja anaangalia."

"Aangalie."

Akanyoosha mkono, akamvua Ambakisye filimbi shingoni mbele ya Meneja, mbele ya mkufunzi, mbele ya kiwanda kizima, akaipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mashine zikazimwa. Lakini watu mle uwanjani hawakusogea hata hatua. Wote walimtazama Ambakisye. Miaka yote walifundishwa kumtii yeye, na filimbi katika mdomo wa mfu haikuwaambia kitu. Subilaga akaishiwa pumzi, akasimama pale kwa hasira, kwa kuwa alikuwa na kila kitu isipokuwa kusikilizwa.

Ambakisye akamtazama usoni. Baadaye alikiri kwamba hakumwamini. Alichoona ni kwamba mwanamke yule anatetemeka, na hakuwahi kumwona Subilaga akitetemeka. Akachukua kipaza sauti, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza chakula kiko tayari, "Ndugu wafanyakazi, zoezi linaendelea. Sasa ni sehemu ya pili. Wote tunatoka getini kwenda barabarani. Mstari mmoja, hakuna kukimbia. Lusajo, fungua."

Mkufunzi akabaki anapekua kabrasha lake akiitafuta sehemu ya pili. Hakuipata hadi leo.

Geti likafunguka. Watu wakatoka wanataniana, wengine wanaulizana kama huko barabarani kutakuwa na soda. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyekanyagwa, na geti lile ni jembamba mnavyojua mageti ya viwanda. Subilaga akatangulia kule barabarani kuzuia malori.

Lusajo alisimama getini akiwatazama wanavyopita. Wakapita wa boila, wakapita wa kufungasha, wakapita wa ofisini. Ndipo akajiuliza, mbona sijaona utepe mwekundu hata mmoja? Ambakisye alikuwa amewaita wafanyakazi, naye Lusajo akakumbuka kwamba wafu hawakuwa wamehesabiwa miongoni mwa wafanyakazi tangu asubuhi. Amri yake ilikuwa asiondoke getini kwa lolote. Akaliacha geti wazi, akakimbia kuelekea kilimani wakati wenzake wote wanakuja huku.

Aliwakurupusha wale wawili waliosinzia, wakatoka mbio. Atupele aligoma.

"Dada kaniambia nikae, anakuja."

"Dada yako yuko barabarani."

"Hawezi kuniacha."

Lusajo hakubishana naye. Alimbeba begani kama gunia la majani, na hapo ndipo ukuta ulipolala. Tope liliwakuta hatua chache kutoka kona ya kiwanda, likawaangusha, jiwe likamponda Atupele mguu. Kule barabarani Subilaga alisikia ule mshindo, akageuka, akaanza kumtafuta mdogo wake katikati ya watu kwa jina, na katikati ya jina hilo akakumbuka alichomwambia. Alipiga magoti kwenye lami akalia mbele ya watu wote, yeye asiyeliaga.

Hakufa mtu. Uwanja wa kukusanyikia ulifukiwa wote, na mkeka haukuonekana tena. Kilima nusu yake kilibaki juu, na masika ndiyo kwanza yanabisha hodi.

Siku chache baadaye Meneja akaita kikao bwaloni. Akaiweka filimbi mezani. "Kuanzia leo," akasema, "mwenye filimbi hii hamwombi mtu ruhusa, hata mimi. Akiipuliza, mashine zinazimwa, geti linafunguliwa, watu wanatoka. Lakini ni moja, na atakayeivaa ni mmoja. Semeni."

Ambakisye akasema, "Ni yangu. Yeye aliipuliza na hakuna aliyesogea. Mimi niliwatoa kwa maneno machache, bila mtu kukanyagana. Ningesema ukuta unabomoka kweli, tungezika watu pale getini."

"Ulichelewa," Subilaga akasema. "Uliogopa macho ya Meneja."

Lusajo akasema, "Mimi ndiye niliyerudi. Nyie wote wawili mliwaokoa wanaoonekana. Nani aliwakumbuka wafu?"

"Nilipokuja kwako mara ya kwanza ungefungua," Subilaga akasema, "kusingekuwa na haja ya kurudi."

"Na wewe?" Lusajo akamuuliza polepole. "Wewe una lipi la kusema?"

Subilaga akasimama. "Mimi niliona. Nikasema nikiwa nimekatazwa kusema. Nisingeinuka kwenye ule mkeka, leo hapa hakuna kikao, kuna matanga. Na mdogo wangu nilimsahau. Sitafuti wa kunifichia hilo. Nalijua kila ninapomfunga bendeji."

Meneja akamgeukia Atupele, aliyekuwa amekaa pembeni na magongo yake. "Binti, wewe ndiye uliyelipia. Tuamulie."

Atupele alimtazama dada yake. Akasema, "Mimi nilikuwa mfu, Bwana Meneja. Mfu haongei." Akainamisha kichwa.

Subilaga akafuta macho kwa kiganja, akatembea mpaka mezani, akaichukua filimbi na kuivaa shingoni. "Mkishaamua ni ya nani," akasema, "mje mnivue. Lakini mvua ikianza kabla hamjaamua, nitaipuliza." Akatoka, na wingu lilikuwa limeshatanda juu ya kilima.

Mpaka ninavyosimulia hawajaamua, wanagombana tu. Basi amueni ninyi, mnaojifanya mahakimu kila nikimaliza kusimulia. Kuna aliyeona akamsahau wake, kuna aliyetiiwa akachelewa, kuna aliyerudi baada ya kufunga njia. Kesho mmeketi chini ya kile kilima kilichobaki, nanyi mmefungwa utepe mwekundu. Je, nani anastahili filimbi ile, na nani kati yenu atakwenda kumvua Subilaga?