Zimwi Lililouliza Kazi

Nyamazeni, hadithi haimngoji mropokaji. Shekuwe, mwana wa jumbe, alikuwa na kila kitu, ila kila asubuhi hakujua anaamkia nini. Siku moja zimwi likamkamata njiani.

"Nikikumeza, kazi gani italala?" likamuuliza, maana mwenye kazi lilimwachia.

"Nina ng'ombe."

"Wana mchungaji."

"Nina shamba."

"Jembe umelishika lini, bwana mdogo?"

"Nina mke."

"Huyo ukisafiri ndiyo anapumzika."

Shekuwe akatafuta jibu la nne moyoni mwake. Hakulipata, akaona haya. Zimwi likammeza, likacheua.

"Hana hata chumvi," likasema.

Kwao jioni walikula mpaka ukoko. Hakuna aliyekumbuka kumwekea. Imeishia hapo, anayesinzia akalale.