Fundo la Mwaka wa Nne

Robo ya siku haipotei, hujikusanya. Mliniuliza Februari ya mwaka huu imeipata wapi siku ya ishirini na tisa, nikawajibu hivyo, mkacheka. Haya, chekeni. Methali hii ilianza hivi, na siku iliposemwa mara ya kwanza hakucheka mtu.

Zamani watu wa kijiji kimoja walilima bondeni, kando ya mto. Masika walihamia kilimani. Mafuriko yakiisha walishuka kupanda. Siku ya kushuka hawakuikisia. Mzee Komora alikuwa na kamba ya mafundo mia tatu sitini na tano, yenye umri wa miaka mia, na kila alfajiri alisogeza kijiti fundo moja. Kikifika kwenye fundo la kitambaa chekundu, watu walishuka.

Miaka ya nyuma mafuriko yaliwahi kuisha, lakini mwaka huo yalikawia. Kijiti kilipofika, Hawaye, mke wa mwanawe, aliingiwa na hofu.

"Baba, jua bado halijafika kutua kwenye pengo la kilima, alama ya siku ya kushuka," alisema. "Bibi yangu alinifundisha kwamba kila mwaka wa nne linachelewa siku moja nyuma ya kamba. Fundo la mwisho likiisha, mwaka hubakiza robo ya siku."

Komora akacheka. "Robo ya siku itamfanya nini mtu?"

"Robo nne ni siku nzima, baba. Kwa miaka mia ni siku ishirini na tano. Mto bado haujamaliza."

"Kamba hii haijawahi kusema uongo. Chukua watoto, mshuke."

Angembishia vipi baba mkwe? Alishuka na wanawe wawili, Komora na Jilo, mdogo wake Komora, wakitangulia. Kila jani lilipotikisika aligeuka kuutazama mto.

Siku ya tatu, adhuhuri, ndege walinyamaza. Kisha ukaja mngurumo. Hawaye alimsukuma mkubwa juu ya mkuyu, akapanda na mdogo mgongoni, maji yakimramba nyayo. Komora alikuwa ameng'ang'ania tawi la pili, akipiga mayowe. Jilo alichukuliwa na maji, Komora akimwona.

Maji yalipopungua, Komora alimkabidhi Hawaye kamba. "Itengeneze wewe, mwanangu."

Hawaye alifunga fundo moja zaidi, la kuhesabiwa kila mwaka wa nne tu. Kisha akakirudisha kijiti nyuma, mafundo ishirini na tano. Komora aliyagusa yote kwa kidole, moja moja. Alipofika la mwisho alilitaja jina la Jilo, akasema, "Kumbe robo ya siku haipotei, hujikusanya."