Kiboko na Vilemba vya Waliojitolea

Kwa jina la Mola aliyemwumba tembo na chawa, wala asimsahau hata mmoja katika riziki. Na sala zimfikie Mtume wake, aliyepita penye watoto akatangulia yeye kuwasalimu.

Mlio karibu!
— Tupo!
Mlio mbali!
— Tunasogea!
Masikio yako wapi?
— Yako kwako, yajaze!

Asili ya maneno haya ni Ozi, nchi ya mpunga, mto unapokaribia bahari. Yalitoka kwa Mwanashee mpepeta mpunga, akayapokea bintiye Somoe, na Somoe akamwachia kila aliyeketi.

Mwaka mmoja mto ulihama, mashamba ya wanyama yakakauka. Vijana watatu, Nguchiro, Kindi na Nungunungu, wakashika majembe. Hawakuitwa, wala hawakuahidiwa ujira. Walichimba mfereji, tifu-tifu, tifu-tifu, miezi mitatu, hata maji yakafika shambani kwa Bi Paa mjane, na kwa Shekhe Kobe ambaye mgongo wake haukunjiki. Wakubwa wakakata shauri: vijana hawa wavikwe vilemba siku ya Ijumaa, mbele ya kaumu yote.

Habari hizo zilimfika Kiboko akiwa amejilaza topeni. Akajipapasa kichwa. Kilikuwa kichwa kikubwa kuliko vyote bondeni, na hakijapata kuvikwa hata ukaya. Husuda ikamkwama kooni. Akanywa maji, gubu-gubu-gubu. Haikushuka.

Alhamisi asubuhi akaenda akajitupa katikati ya mfereji, chubwi! Maji yakasimama. Nguchiro akaja mbio.

"Shikamoo, ami Kiboko."

"Marahaba. Pita na njia zako."

"Ami, umeziba maji. Mpunga wa Bi Paa umebeba mimba. Ukikosa maji utazaa makapi."

"Na uzae mawe! Mnavikwa vilemba nyinyi, wenye vichwa kama kungumanga? Vitawateremka mpaka mabegani! Sitoki hapa mpaka nivikwe mimi."

"Lakini, ami, vilemba ni vya waliojitolea."

"Walio nini?"

"Waliojitolea."

Kiboko akafikiri. Tangu azaliwe hakuwahi kumfanyia mtu kazi, basi neno lile alilijua kwa maana moja tu: kutoa vitu vya watu na kujipa mwenyewe. Uso ukamng'aa.

"Kumbe ni hilo tu! Mimi nimejitolea tangu sijaota meno! Hakuna shamba bondeni ambalo sijajitolea!"

Masharubu ya Nguchiro yakamcheza. Alifahamu, asimsahihishe.

"Ala! Nasi hatukujua. Basi, ami, kesho simama barazani ujieleze mwenyewe: ulijitolea wapi, na kiasi gani. Ila uende sasa hivi ukaoge, huwezi kuvikwa kilemba na tope hilo."

Kiboko akainuka, maji yakapita shwaa! mpaka kwa Bi Paa.

Ijumaa, baada ya sala, watu wakajaa kwenye uwanda wa kupuria mpunga. Vilemba vitatu vyeupe vililala juu ya sinia. Kiboko akavitazama kimoja kimoja; husuda ikapanda. Akaubugia mtungi mzima wa wageni, gubu-gubu-gubu. Haikushuka.

Shekhe Kobe akauliza, "Yuko aliyejitolea kuwashinda vijana hawa?"

"Mimi!" Kiboko akanguruma. "Kwa Bi Paa nimejitolea muhogo, matuta mawili! Kwa Ngiri nimejitolea mahindi, shamba zima! Na ule mpunga wa sadaka ya mayatima, nimejitolea wote, peke yangu, bila ya kuombwa na mtu!"

Kisha Bi Paa akashika kiuno.

"Loo! Nami mwaka mzima namlaani Ngedere wa watu!"

"Hata salamu hunipi!" Ngedere akalia kutoka nyuma.

Shekhe Kobe akatoa shingo polepole. "Tumesikia. Nguchiro, ami yako amejitolea mno. Tumvike nini?"

"Kilemba kirefu kuliko vyote, shekhe. Nitakifunga kwa mkono wangu."

Akateremka ukingoni mwa mfereji, akang'oa ukoka mbichi, akausokota, akamzungushia kichwani mikunjo saba. Kila mwenye kujua Kiswahili akajua Kiboko amevikwa kilemba gani. Asiyejua alikuwa mvikwaji. Akavimba, akageuka kulia, akageuka kushoto.

Halafu wakavikwa vijana vile vyeupe. Vigelegele vikarindima, Bi Paa akalia kwa furaha. Kiboko akaona kilemba cha Kindi kinavyopepea, na husuda ikamrudia upya.

"Kwa nini wao wanapigiwa vigelegele, mimi..."

Hakumaliza. Jani moja la ukoka lilimning'inia puani, bichi, lina maji ya mfereji. Ulimi ukatoka wenyewe. Nyafu! Mkunjo wa kwanza. Nyafu-nyafu! Wa pili na wa tatu. Alipozinduka, yote saba imo tumboni na kichwa ki wazi kama alivyozaliwa nacho.

Kwa-kwa-kwa! Uwanda mzima ukaanguka kwa kicheko. Kiboko akakimbilia mtoni, chubwi! Hata leo mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na masikio tu, anachungulia ni nani anayevikwa na ni nani anayepigiwa vigelegele.

Basi funzo, enyi vijana, ni hili: msifanye kazi ya watu bure. Mtavikwa kitambaa ambacho hakiliki, na kesho yake mtaitwa tena mkachimbe. Jitoleeni kama Kiboko, muile heshima yenu ingali mbichi. Na atakayeona funzo hili limepinda, alinyooshe kwa jembe.

Ngano imefika ukingoni, aliyeipenda aivushe.

Nanyi mliosikiliza, Mola awape macho yanayofurahia neema ya mwenzenu, awape watoto wenye mikono myepesi kwa kheri, na awajaalie nyinyi kuwashukuru wangali wanasikia. Amin.