Gari Lililokuwa Tayari kwenye Kioo

"Asiyeitika usimjibie." Mmeisikia leo asubuhi kwenye redio ya upepo ya kituo chetu, mkaicheka ile sauti ya kukwaruza iliyoisema, kisha mkaniuliza usemi huu umetoka wapi. Kaeni basi niwaambie, na simu ziwekeni chini, maana habari yenyewe inawahusu ninyi wapenda vioo. Chanzo chake ni hiki.

Shirika la Uokoaji la Kanda ya Nyalubungo lilikuwa na desturi yake. Kila kulipokucha, makao makuu yaliita vituo hewani, kimoja kimoja, na kila kituo kikaitika, "Tupo!" Kituo ambacho gari lake lilikuwa bovu hakikusema "gari bovu." Thubutu! Kulisema gari lako vibaya hewani, kanda nzima ikisikia, ilikuwa aibu kama ya kuanika nguo za ndani barabarani. Walinyamaza tu. Mwitaji alielewa, akaacha nafasi tupu kwenye kompyuta, na siku hiyo kituo hicho hakikutumwa popote.

Ndipo akaletwa Kabula Masunga, binti hodari na mwenye moyo safi, ahamishe taarifa zote kutoka kwenye zile kompyuta kuukuu na kuziingiza kwenye mtambo mpya. Mtambo huo ulikuwa na kioo kipana kama mlango, na kila gari lilionekana juu yake: kijani likiwa tayari, jekundu likiwa halifai. Kabula alifanya kazi vizuri mpaka akakwama kwenye zile nafasi tupu. Mtambo haukukubali utupu.

"Mkuu," alimwuliza Bwana Shagembe, mkuu wa shirika, "hizi nafasi zilizoachwa wazi zina maana gani?"

Shagembe alikuwa akihangaikia wageni wa uzinduzi, turubai na pilau. "Jaza 'tayari', mwanangu. Kungekuwa na tatizo si wangesema?"

Moyo wa Kabula ulisita, lakini mkubwa ameshasema. Akajaza. Kioo kizima kikawa kijani, na kwa kweli kilipendeza. Tena kwa kuwa sasa kioo kilikuwa kikiona kila kitu, wakaacha na kuita vituo asubuhi. Kupayuka hewani kama wauza dagaa kwa nini?

Siku ya uzinduzi, hotuba zikiendelea, simu ya dharura ikaingia: kinu cha kuchambua pamba cha Mwabagole kinaungua. Kabula alishtuka, kwa sababu mdogo wake, Minza, alifanya kazi humo. Lakini alipotazama kioo akashusha pumzi. Kituo cha Mwabagole kilitazamana na kinu, barabara tu ikivitenganisha, na gari lake lilionyesha kijani. Mtambo ukalituma wenyewe. Wageni wakapiga makofi. Naam, makofi, na huko watu wanaungua.

Mara simu ya Kabula ikalia. Alikuwa Minza.

"Dada, gari liko wapi?"

"Linakuja, mdogo wangu. Naliona hapa."

"Unaliona?" Minza alikuwa akikohoa. "Dada, mimi niko getini, nalitazama kwa macho yangu. Limepandishwa juu ya mawe, matairi halina! Kuku wanataga ndani yake tangu masika!"

Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wakipiga mayowe. "Mwenzangu Ngolo bado yumo ndani," akasema Minza. "Ngoja nikamtoe." Simu ikakatika.

Kabula aliganda. Kijani kilikuwa bado kinawaka pale pale kwenye kioo, na mkono uliokiweka ulikuwa wake. Kisha akapiga ukelele uliomnyamazisha hata mtoa hotuba, akalikimbilia gari la zimamoto la makao makuu, lililokuwa limefungwa riboni kwa ajili ya sherehe, akapanda pamoja na wazima moto.

Walipofika, paa la kinu lilikuwa limebonyea upande mmoja. Walipambana na moto mpaka ukalegea. Uani, mnyapara alikuwa amewapanga wafanyakazi, anaita majina. Ngolo aliitika. Wengine wakaitika.

"Minza Masunga!"

Kimya.

"Yupo huyo," mama mmoja akasema kwa upole, akimwonea Kabula huruma. "Nilimwona akitoka na Ngolo."

"Yupo, yupo," akadakia mwingine. "Labda amekwenda kunywa maji."

Mnyapara akafungua kinywa aite jina linalofuata, na wazima moto wakaanza kukunja mipira yao.

Maneno hayo Kabula aliyajua. Ndiyo aliyoyaandika yeye mwenyewe kwenye zile nafasi tupu. Akamkamata mnyapara mkono.

"Asiyeitika usimjibie!" alifoka. "Kuna aliyemsikia akiitika? Nani kamsikia? Basi yumo ndani! Rudini!"

Wakarudi. Walimkuta nyuma ya marobota ya pamba, amelala kifudifudi, ameshiba moshi hata kunong'ona hawezi; alikuwa amemsukuma Ngolo nje, moshi ukamlemea yeye kabla hajatoka. Hebu fikirini, wanangu: mtu anasikia jina lake likiitwa, koo halifunguki, na huko nje wenzake wanamjibia kwamba yupo salama! Mimi kila nikifika hapa mwili hunisisimka.

Minza alipona. Sauti yake haikupona. Kabula alirudi kwenye mtambo, wala hakuutupa, maana mtambo uliamini ulichoambiwa. Aliufanya uonyeshe nyekundu kila palipo patupu mpaka wenye kituo waitike kwa vinywa vyao, na wito wa asubuhi ukarudishwa. Bwana Shagembe alikwenda Mwabagole mwenyewe, akawatoa wale kuku garini kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kazi ya kuita vituo alipewa Minza. Ndiyo ile sauti mliyoicheka leo. Kituo kimoja kilichelewa kuitika, nanyi mkadakia hewani, "Wapo hao, jana si tumewaona?" Naye akawakatiza kwa maneno ambayo sasa hamna haja ya kufafanuliwa: asiyeitika usimjibie.