Chungu cha Mwisho cha Nakundwa

"Mvunja chungu haoni mkono wa mfinyanzi." Mliisikia jana msibani, leo mmekuja mbio kuniuliza ilitoka wapi. Haya, kaeni. Ila msitarajie kucheka, maana methali hii ilizaliwa na kilio, nacho kilianza hivi.

Zamani kilimani kwetu aliishi mfinyanzi mmoja tu, Nakundwa. Vyungu vyake vilizungushiwa nakshi ya viduara shingoni, na havikupasuka motoni. Binti yake wa pekee, Nambua, alifundishwa kufinyanga, kuchora na kuchoma. Jambo moja tu alinyimwa: namna ya kuchanganya udongo. Mwiko wa wafinyanzi ulikataza kumfundisha hilo mwanamke ambaye hajazaa.

Nambua aliolewa, miaka ikapita, mtoto hakuja. Kila alipoomba, mama yake alimjibu, "Zaa kwanza, mwanangu. Mwiko ni mwiko."

Homa ikamchukua Nakundwa ghafla, akaondoka na siri yake. Mwiko gani huo, jamani, wa kuzika kazi pamoja na mtu? Mpaka leo unaniuma.

Nambua akajaribu peke yake. Alitia mchanga, akatia majivu. Nakshi zake zilipendeza kuliko za marehemu, lakini kila alichokichoma kilipasuka. Ndipo akaanza kuvunja vyungu vya mama yake, aone ndani ya vigae alitia nini. Kikabaki kimoja.

Mama yake mdogo, Namkunda, alimkuta ameinua jiwe.

"Nambua! Hicho ndicho cha mwisho!"

"Basi siri imo humu, mama mdogo. Imebaki wapi tena?"

"Ilikuwa mkononi mwake, na mkono tumeshauzika. Kiache, mwanangu, tupate hata cha kumkumbukia."

"Kitanifaa nini? Mtoto sina, mama sina, kazi sina!"

Akakipiga. Akavigeuza vigae, akavinusa, akavilamba. Ulikuwa udongo mwekundu, basi. Namkunda alikaa chini akalia, na Nambua akalia naye.

Tangu hapo kilimani kwetu hafinyangi mtu. Nambua alizeeka akiviunganisha vigae vile kwa utomvu, apate walau kuiona tena nakshi ya mama yake. Viduara havikukutana kamwe. Waliompitia mlangoni walitikisa vichwa, wakanong'ona nilivyowanukulia: mvunja chungu haoni mkono wa mfinyanzi.